Lazima Awe Chini

Mvua ya Nakuru haina adabu ya ibada. Jumapili ile ilimvumilia Mchungaji Kiptanui katika salamu, ikamvumilia katika matangazo ya harusi na ya choo kipya cha kanisa, lakini alipofika kwenye tangazo ambalo vijana walikuwa wakilingojea kwa hamu, ikajisogeza juu ya mabati na kukaa tayari.

"Vijana," alisema Mchungaji, "kule Kanada kutakuwa na mkutano wa vijana wa Mennonite kutoka kila pembe ya dunia. Ushirika wetu umepewa nafasi moja. Jina nitalitangaza tukiwa Keringet, kwenye ile safari yenu ya kutembelea wenzenu. Sasa sikilizeni vizuri, maana sitaki malalamiko baadaye. Atakayekwenda lazima awe chini..."

Hapo mvua ikaachilia. Mabati yakapiga kelele kama gunia la misumari lililomwagwa. Mchungaji hakukatizwa. Midomo yake ilionekana ikifanya kazi, kidole kikapanda, kikashuka, mikono ikafunguka na kufungwa. Mvua ilipopungua alikuwa ameshafika kwenye Amina, na kanisa zima likaitikia Amina kwa sauti nzito, kama watu wanaojua wanachokubali.

Chepkemei alikaa safu ya tatu akiwa ameshika moyo wake kwa mikono miwili. Lazima awe chini. Alilirudia neno hilo polepole, akalipeleka nyumbani kama mtu anayebeba yai.

Alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, nayo ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya plastiki chini ya godoro ili isipate unyevu. Watu wa kanisani walipomuuliza kazi yake, alijibu, "Niko kwenye ubora wa mazao." Halikuwa neno la uongo. Karibu na Njoro, kando ya barabara, kuna kidimbwi cha saruji ambamo karoti za mashamba ya juu huletwa zikiwa na udongo wake wote, zikatiwa kwenye magunia, zikakanyagwa ndani ya maji mpaka zing'ae kabla lori halijaondoka kwenda Nairobi. Chepkemei alikuwa mmoja wa wanaokanyaga. Ubora wa mazao ulipita chini ya nyayo zake kila siku, na nyayo zake zilikuwa zimelipa: visigino vimepasuka, kucha zimebadilika rangi, na ndani ya nyufa kulikaa udongo ambao hakuna sabuni iliyoufikia.

Safari ya ndege hakuitamani sana. Aliambiwa kwamba kule mkutanoni vijana huketi kwa duara na kuulizana, "Wewe unaonaje?" Tangu amalize chuo, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anaonaje. Alikuwa tayari kuvuka bahari ili aulizwe.

Tafsiri ya neno la Mchungaji ilitoka kwa Bethwel, mwenyekiti wa vijana. Bethwel alikuwa mwenyekiti tangu vijana wa sasa wakiwa Shule ya Jumapili wakichora safina kwa kalamu za rangi. Jioni ileile alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, akikohoa kwanza kama ilivyo kawaida ya viongozi.

"Ndugu na dada, neno ni wazi. Mchungaji anatafuta mtu wa chini. Yaani mnyenyekevu. Sisi Wamennonite hiyo ndiyo sifa yetu. Tusiende kumsumbua na maswali, kwa sababu mwenye kuuliza ameshajipandisha."

Ujumbe huo ulifunga midomo yote. Mashindano yakaanza.

Yalikuwa mashindano ya ajabu, kwa kuwa kila mmoja alikimbia ili awe wa mwisho. Mafagio ya kanisa yalipotea; kila kijana alikuwa ameficha moja nyumbani ili awahi kufagia kabla ya wenzake. Choo kipya kilioshwa mara nyingi kiasi cha rangi kuanza kubanduka. Wasichana wawili waligombana kwa minong'ono juu ya nani atabeba viti, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Acha nikutumikie, dada," huku wakivutana kiti mpaka mguu wake ukang'oka. Mikutano ya maombi ilichelewa kuanza kwa sababu hakuna aliyekubali kuomba kwanza, na ilichelewa kuisha kwa sababu kila mtu alitaka kufunga akiwa amepiga magoti zaidi.

Chepkemei alishindana kama wengine. Alijifunza kutembea akiangalia chini, jambo lililomgonganisha na nguzo ya stima mara moja.

Aliyekuwa nje ya mbio hizo ni Shantel peke yake, jirani yake Chepkemei, aliyekuwa amemaliza shule ya upili mwaka uliotangulia. Shantel hakujinyenyekeza wala hakujikweza. Alikuwa tu na njaa wakati wote, na akicheka, alicheka mpaka watu wa nyumba ya pili wakajua.

"Chep, mnaumwa nyinyi?" aliuliza alipomkuta Chepkemei akipangusa madirisha ya kanisa ambayo yalikuwa yameshapanguswa asubuhi.

"Tunajishusha."

"Haya. Mkifika chini kabisa mniambie kukoje."

Jumamosi ya safari ilipofika, walikodi basi la shule moja ya msingi. Dereva wake, Ngigi, alisimama mlangoni akiwatazama wakipanda. Wote walienda nyuma. Walijazana kwenye viti vya mwisho, vile ambavyo springi zake zilikuwa zimechomoza, wengine wakakaa sakafuni, na Bethwel, aliyekuwa na taulo jeupe begani tangu nyumbani kwake, akalala kabisa kwenye njia kati ya mizigo. Mbele hapakuwa na mtu isipokuwa Shantel, aliyekaa kiti cha kwanza kando ya dirisha akila ndizi.

"Wasee, mbona huku mbele ni kama matanga?" Ngigi aliuliza. "Huko tunaenda ni mlima. Mkikaa wote nyuma, hii gari itainua pua."

"Boss, sisi tunachukua nafasi za mwisho," Bethwel alijibu kutoka sakafuni. "Ni mambo ya imani."

"Imani yenu itasukuma gari ikikwama?"

"Itasukuma."

"Sawa. Mimi niko hapa kama shahidi."

Wakaondoka, basi likiwa limekaa kama mbwa aliyechuchumaa. Waliimba kwa sauti nne, kama Wamennonite wanavyopenda, ila siku hiyo kila mtu alitaka besi, wasichana wakiwamo, kwa kuwa besi ndiyo sauti ya chini.

Karibu na Njoro, Ngigi akapunguza mwendo. Lori la karoti lilikuwa limeziba nusu ya barabara likipakiwa. Chepkemei alijua lori hilo. Alijua pia kidimbwi kilichokuwa nyuma yake, na mwanamke aliyesimama ndani ya maji hadi magotini, suruali imekunjwa, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa Khadijo. Siku ya kwanza ya Chepkemei kazini, alipokuwa akilia kimya kwa maumivu ya visigino, Khadijo alimkalisha kwenye gunia, akampaka mafuta kwenye nyufa kwa kidole chake mwenyewe, akamwambia, "Usijali, mwezi wa pili hutasikia kitu." Tangu hapo walikula chapati moja kila mchana.

Khadijo aliona basi, akaona uso dirishani, akafurahi.

"Chep! Wee Chep!" aliita huku akipunga mkono unaodondosha maji. "Kumbe ukivaa unatoka hivyo! Umetuachia magunia yote, eeh? Jumatatu usichelewe!"

Chepkemei akaanguka chini ya kiti kama aliyepigwa na radi. Paji la uso likagusa chuma, magoti yakagusa sakafu.

"Chep, kuna mtu anakuita," Shantel alisema kutoka mbele.

"Simjui," ilijibu sauti kutoka chini.

"Lakini anajua jina lako."

"Chep ni wengi. Simjui mimi."

"Madam," Ngigi naye akasema akitazama kioo, "huyo mama bado anakupungia."

"Nimesema simjui!"

Jogoo hakuwika. Jogoo wa siku hiyo alikuwa Keringet, na saa hizo alikuwa ameshaingia sufuriani. Lakini kupitia mwanya kati ya kiti na dirisha, Chepkemei aliuona mkono wa Khadijo ukibaki hewani kwa muda, umesahauliwa huko juu, kisha ukashuka polepole na kurudi kwenye gunia.

Bethwel alikuwa ameinua kichwa. Hakuona kidimbwi wala Khadijo. Aliona msichana aliyepiga magoti ndani ya basi, paji la uso chini, mabega yakitetemeka.

"Ameguswa," alinong'ona kwa wivu. Akageuka haraka na kupiga magoti. Waliokuwa karibu naye wakaona mwenyekiti amepiga magoti, nao wakapiga. Mpaka Ngigi anapata nafasi ya kulipita lori, basi zima lilikuwa magotini, likiomba kwa sauti za chini, isipokuwa Shantel, aliyeganda na ganda la ndizi mkononi.

"Boss," Shantel alimuuliza dereva, "breki ziko sawa kweli?"

"Mimi mwenyewe nimeanza kuogopa," Ngigi alijibu.

Keringet iliwapokea kwa ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Kanisa lilikuwa dogo, la mbao, katikati ya mashamba ya viazi, na ushirika wenyewe ulikuwa watu wachache ambao ungeweza kuwatia wote kwenye pikapu moja. Mwenyeji wao, Mama Chesang, mzee wa kanisa, alivaa gambuti za shambani na tabasamu. Alikuwa ameamka alfajiri kupika. Meza ilijaa: ugali, kabichi, viazi, kuku wa kienyeji aliyejitandaza kwenye bakuli, na juu yake, imewekwa mahali pa heshima, firigisi. Pembeni kulisimama kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchachushwa ambayo mgeni hukaribishwa nayo.

"Karibuni, watoto wangu," alisema Mama Chesang. "Mkae, mle. Wageni kwanza."

Hakuna aliyekaa, isipokuwa Shantel.

"Tangulia, ndugu," Bethwel alimwambia aliyekuwa nyuma yake.

"Hapana, tangulia wewe, mwenyekiti."

"Mimi nani nitangulie? Nitakuwa wa mwisho."

"Basi mimi nitakuwa nyuma yako."

"Na mimi nyuma yako wewe."

Ndipo foleni ilipoanza kutembea kinyumenyume. Aliyekuwa mbele aliacha nafasi yake akaenda mkiani. Aliyejikuta mbele akafanya hivyohivyo. Foleni ikatoka nje ya mlango, ikalizunguka kanisa, ikapita kando ya viazi na kuelekea zizi la ng'ombe, huku chakula kikibaki mezani kikitoa mvuke ambao kila dakika ulikuwa mwembamba zaidi. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa kuwatazama, akaona hawajaleta majani, akarudi kulala.

Vijana wa Keringet walisimama ukutani. Mmoja wao, Kipngeno, alimnong'oneza mwenzake, "Hawa wamefunga?"

"Sijui. Labda wa taoni hawali vitu zetu."

Kibuyu cha mursik kilipelekwa mikononi. Kilipita kwa Bethwel, akampa wa pili kwa kuinama. Wa pili akampa wa tatu kwa kuinama zaidi. Kikazunguka foleni yote na kurudi kwa Mama Chesang kikiwa na uzito uleule. Mama alikipokea, akakitikisa kidogo sikioni, kama mtu asiyeamini. Tabasamu lake likabaki mdomoni, lakini machoni liliondoka.

Firigisi nayo ilizungushwa kwenye sahani yake. Katika nyumba nyingi za huku, firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mgeni mheshimiwa, na kuikubali ni kukubali kwamba wewe ni mtu mkubwa. Siku hiyo hakuna aliyethubutu. Ilikwepwa kama kesi ya mahakamani mpaka ikatua mbele ya Shantel, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti tangu mwanzo, sahani mapajani.

"Hii haina mwenyewe?" aliuliza. "Basi mimi sina shida." Akaitupa mdomoni.

Vijana wa Nakuru walitazamana kwa huzuni, jinsi watu wanavyotazama gari likitumbukia mtoni. Kanada ilikuwa imemezwa pamoja na firigisi ile. Chepkemei alimhurumia rafiki yake, kisha akajihesabia kwamba mshindani mmoja amepungua, kisha akaona aibu kwa hesabu hiyo, kisha akaihesabu aibu yake kuwa unyenyekevu. Ndivyo alivyokuwa amefika mbali.

Baada ya chakula ambacho hakikuliwa, ulifika wakati wa kuoshana miguu. Hii ni ibada ya zamani ya Wamennonite: wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, mmoja huketi, mwenzake hupiga magoti na kumwosha, halafu hubadilishana, wakakumbatiana na kubarikiana. Mama Chesang na vijana wake walikuwa wamepanga viti kwa mistari miwili. Walichemsha maji kwa kuni, wakayachanganya na ya baridi, wakayajaribu kwa viwiko kama maji ya mtoto mchanga.

Kabla Mama hajamaliza kusema "karibuni", mabeseni yote yalikuwa yamenyakuliwa. Bethwel alijifunga taulo lake kiunoni. Vijana wa Nakuru wakajipanga, kila mmoja na beseni mikononi, kila mmoja akiinamisha kichwa, wakingoja miguu.

Miguu haikuja. Viti vilikuwa vitupu. Waoshaji walijaa nyumba, na waoshwaji hawakuwepo, kwa sababu kila mtu alijua kwamba anayepiga magoti ndiye aliye chini, na anayeketi ni bwana mkubwa. Hata vijana wa Keringet walirudi nyuma, wakiogopa kukalia viti ambavyo wageni wanavikimbia.

"Kaa, ndugu, nikuoshe," alisema Bethwel.

"Kaa wewe nikuoshe, mwenyekiti."

"Siwezi, dhamiri yangu hainiruhusu."

"Na yangu je? Unafikiri yangu ni ya mitumba?"

Maji yakaanza kupoa. Mama Chesang aliyachukua, akayarudisha jikoni, akayapasha tena, akayaleta. Yakapoa tena. Mara hii hakuyachukua. Alisimama katikati ya mistari ya viti, mikono imening'inia.

"Nyinyi watoto wa Nakuru, mnatuonaje?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo lililoifanya iwe ngumu zaidi kusikiliza. "Hamli. Hamnywi. Hamkai. Haya mabeseni niliyaazima kwa majirani ambao hata si wa kanisa letu. Wakaniuliza, mama, unayapeleka wapi yote? Nikawaambia kwa maringo, nina wageni. Sasa jioni nitawarudishia nikiwaambia nini? Kwamba wageni walikuja wakakataa?"

Mkono wake ulipanda nusu, kana kwamba ungeonyesha kitu, kisha ukashuka polepole.

Chepkemei aliujua mshuko ule. Alikuwa ameuona asubuhi kupitia mwanya wa dirisha.

Alitazama kiti kilichokuwa karibu naye. Kilikuwa kiti cha plastiki, cha buluu, chenye ufa mgongoni, na kati yake na Kanada palikuwa na hatua moja tu. Akikikalia, atakuwa amejikweza mbele ya wote. Na kabla ya hilo atavua viatu. Shahada, ubora wa mazao, salamu za "madam" pale mlangoni mwa kanisa, vyote vitatoka pamoja na soksi.

Akaweka beseni chini. Akaketi.

Halafu wasichana wote wa Nakuru wakamwangukia kama kuku walioona punje moja. Hatimaye mguu! Mabeseni yaligongana, maji yakaruka. Mmoja alishika kiatu cha kushoto, mwingine cha kulia, wa tatu akakumbatia goti.

"Nimefika kwanza!"

"Mimi ndiye wa mwisho, niachie mimi!"

"Dada, kwa upendo kabisa, toa mkono wako!"

Kanisa la amani, ambalo wazee wake walikubali kufungwa jela kuliko kushika bunduki, lilikaribia kuvunja mguu wa msichana mmoja kwa ajili ya kuuosha. Viatu vikang'oka. Soksi zikafuata.

Mikono ikaacha kuvuta.

Waliiona miguu. Waliona nyufa, na udongo wa kahawia ndani ya nyufa, na kucha, na ngozi nyeupe iliyobabuka kati ya vidole kama ya mtu aliyeishi majini. Wengi wao walikuwa wamepita saluni mjini siku iliyotangulia, kwa siri, ili kama unyenyekevu ungewalazimisha kuvua viatu, uwakute tayari. Walikuwa wamejiandaa kuosha miguu misafi. Mmoja baada ya mwingine wakarudi nyuma, wakijipangusa mikono.

"Sogeeni," alisema Shantel. Alikuja akilamba kidole cha mwisho, akapiga magoti bila kuinamisha kichwa, akauingiza mguu wa Chepkemei ndani ya maji. Akausugua kwa kidole gumba. Akasita, akatazama.

"Chep, hii ni nini?"

"Karoti."

"Unalima?"

"Naosha. Kwa miguu. Pale Njoro." Chepkemei aliinua kichwa. "Na yule mama aliyekuwa ananiita, ninamjua. Anaitwa Khadijo. Ninamjua sana."

Shantel alifikiri. "Kumbe huo ndio ubora wa mazao."

"Ndio huo."

"Manze," Shantel alisema kwa heshima ya kweli, "na vile napenda karoti." Halafu akacheka kicheko chake cha kuvuka nyumba ya pili, na Chepkemei, ambaye alikuwa amejiandaa kulia, akajikuta anacheka pamoja naye. "Inauma hapa?"

"Ukibonyeza."

"Sitabonyeza."

Maji ya beseni yakageuka rangi ya chai. Mama Chesang alikuwa amesogea. Alikaa kiti cha pili, akavuta gambuti moja, akavuta ya pili, akanyoosha miguu iliyokuwa na nyufa zake yenyewe, za viazi na baridi. "Na mimi je? Hakuna wa kuniosha?"

Chepkemei alipiga magoti, safari hii bila kutazama nani anamwona, akamwosha. Mama akamkumbatia, akambariki kwa Kikipsigis, maneno mengi na marefu. Vijana wa Keringet, walipoona Mama mwenyewe amekaa, wakaketi nao.

Hapo ndipo pikipiki ilipolia nje na Mchungaji Kiptanui akaingia, matope hadi kifuani. Alikuwa ametokea mazishini Olenguruone. Aliwatazama waumini wake, akamwona Bethwel amesimama na taulo kiunoni na beseni la maji baridi, hana mguu.

"Bwana asifiwe. Mbona chakula kimejaa mezani? Mlifunga?" Hakungoja jibu. "Sawa. Nimechelewa, acha nitangaze tumalize. Wale wa chini ya miaka ishirini na tano wako wapi?"

Vichwa viliinuka.

"Si nilieleza kanisani? Nikasema atakayekwenda lazima awe chini ya miaka ishirini na tano, ni masharti ya wenye mkutano, na nikaomba msamaha kwa sababu najua wengi wenu mmepita. Mkaitikia Amina. Kwa sauti! Nikasema moyoni mwangu, hawa vijana wamekomaa."

Mtu mmoja aliweka beseni sakafuni. Lilitoa mlio mrefu.

"Mchungaji," Bethwel alisema, "hata kama mtu ni chini kwa roho?"

"Bethwel, wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na nne. Lakini..."

"Kaa chini, ndugu yangu."

Bethwel alikaa, na kiti kilikuwepo. Kipngeno wa Keringet, kijana mwenye huruma, akaona mtu ameketi, akampigia magoti na kuanza kumvua viatu. Mwenyekiti hakukataa. Hakuwa na nguvu ya kukataa.

Mchungaji alipitisha macho safu kwa safu. Wamennonite vijana wa Nakuru, ikumbukwe, huwa vijana mpaka waoe au waolewe, na maisha yamekuwa magumu. Mwisho macho yake yakatua kwa Shantel.

"Wewe una ngapi?"

"Kumi na tisa. Lakini Mchungaji, mimi hata sijajinyenyekeza. Nimekula firigisi."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa moto wakati huo."

"Basi utakwenda wewe. Mwenye kukubali chakula cha watu hatatusumbua ugenini."

Chepkemei alikuwa na miaka ishirini na sita. Maumivu yalimjia, wala hakuyaita unyenyekevu. Aliyaita kwa jina lake. Aliona duara la viti katika nchi ya mbali, na kiti chake kikiondolewa. Alichukua soksi zake akazikunja vizuri, kitu cha kufanya na mikono.

Shantel akaja kuchuchumaa kando yake. Hakucheka.

"Aki Chep, pole. Ni wewe ulikuwa unaitaka."

"Hakuna shida."

"Iko. Na mimi naogopa. Huko nasikia wanakaa mviringo wanaulizana mambo ya dunia. Vita, njaa, mashamba. Mimi najua nini? Nikiulizwa, nitasema nini?" Akamshika mkono. "Wewe unaonaje?"

Chepkemei alimtazama Shantel ili ahakikishe kwamba si mzaha. Halafu akaanza kusema, kwanza kwa kusitasita, na Mama Chesang akavuta kiti karibu asikie. Nyuma yao vijana wa Nakuru walikuwa wamekumbuka njaa yao. Walishambulia meza bila foleni ya mbele wala ya nyuma, ugali baridi, kuku baridi, kibuyu kikazunguka na kurudi kitupu, na sauti ya Bethwel, aliyeoshwa mguu mmoja, ikasikika ikiuliza, "Lakini hiyo firigisi imeisha kweli?"

Wakati wa kurudi, Ngigi alikuta basi limejaa kutoka mbele kwenda nyuma, kama basi la watu wazima. Walipokaribia Njoro, jua lilikuwa bado limebaki kidogo juu ya mashamba. Chepkemei alisimama.

"Boss, simamisha hapo kwa kidimbwi. Kuna mtu ninamjua."

Alishuka na viatu mkononi. Shantel akamfuata, na wengine wakafuata kwa udadisi. Khadijo alikuwa akisuuza magunia ya mwisho. Alimwona, akaendelea kusuuza.

"Khadijo."

"Samahani, dada. Sikujui mimi."

"Ni haki yako."

"Eeh, ni haki yangu. Nimepunga mkono mpaka bega limeuma. Watu wa lori wananicheka, wananiambia, mama, unapungia basi la shule, una mtoto huko?"

"Niliona haya, Khadijo. Nilijificha chini ya kiti."

Khadijo alisimama wima, mikono kiunoni, akamwangalia kuanzia juu. Alipofika chini akasita.

"Na miguu imefanywa nini? Inang'aa hivi! Nani amekuosha?"

"Huyu hapa. Anaitwa Shantel. Anaenda Kanada."

"Kanada atapata miguu kama hii ya kuosha?" Khadijo alitema kicheko kidogo, kabla hajakizuia. "Na unajua Jumatatu itachafuka tena."

"Najua."

"Karoti zenyewe ni za juu kule, udongo wake ni kama gundi."

"Najua, Khadijo."

"Basi usisimame hapo barabarani kama mgeni," Khadijo alisema, akamtupia ncha moja ya gunia. "Shika huku. Tumalize hili, jua linaenda."